Moshi Hupanda, Gesi Hushuka

Kabla sijasema lolote, naomba uinamie mlango wako uutazame pale chini, mahali ubao unapokutana na sakafu. Kama uko Kitale, na Julai hii ilivyo na baridi, sina shaka utakuta kitambaa. Kipande cha blanketi kuukuu, gunia lililokunjwa mara nne, au suruali ya mtoto iliyotoboka magoti. Tumekisokomeza hapo ili baridi isiingie, panya wasiingie, na vumbi la barabarani nalo likome. Nimeombwa nizungumze juu ya kuhifadhi mitungi ya gesi nyumbani. Nitazungumza, lakini nitaanzia kwenye hicho kitambaa, na huenda nisiende mbali nacho.

Sisi ni watu tuliolelewa na moshi. Jikoni kwa nyanya yangu, upande wa Chwele, mahindi ya mbegu yalining'inizwa juu ya mafiga, yakawa meusi tititi, na wadudu hawakuyagusa. Tulijua tabia za moshi kama tunavyojua tabia za mjomba. Moshi hupanda. Ukitaka kuukwepa, unakaa chini, kwenye kigoda, unakunja shingo. Moshi ukizidi, macho yanatoka machozi, unakohoa, unatoka nje. Na njia ya kuutoa ni kuacha nafasi juu, kati ya ukuta na paa. (Makaa yana sumu yake isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu waliolala na jiko chumbani msimu wa baridi kama huu. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine, ila usilale na jiko.)

Elimu hiyo ya moshi ndiyo iliyojenga nyumba zetu hadi leo. Fundi akijenga ploti ya vyumba 10 pale Tuwani au Kanduyi, matundu ya hewa huyaweka juu karibu na dari, yale matofali yenye maua. Chini haweki kitu. Ule mwanya ulio chini ya mlango si wa makusudi. Ni seremala aliyepima vibaya. Na huo mwanya wa bahati, sisi tumeuziba.

Sasa gesi imeingia katika nyumba hizo za moshi. Sensa ya 2019 ilikuta karibu nyumba 55 katika kila 100 nchini zikipikia kuni, na karibu 24 zikipikia gesi. Huku kwetu kuni bado ndizo nyingi, lakini mjini mambo yamegeuka upesi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, na bei ya makaa ikapaa. Mafuta ya taa nayo yakaongezwa ushuru mwaka huohuo. Gesi yenyewe ushuru umeichezea kama mpira wa watoto: mwaka 2016 VAT ikaondolewa, Julai 2021 ikarudi kwa asilimia 16, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi 8, mwaka 2023 ikaondolewa tena. Kuna wakati mwaka 2022 mtungi wa kilo 13 ulipita shilingi 3,000, watu wakarudi kwenye kuni huku mtungi umekaa pembeni kama saa ya ukutani iliyosimama. Hata hivyo imeingia. Imeingia kupitia vyama vya akina mama, mwezi huu mtungi ni wa huyu, mwezi ujao ni wa yule, na kila mtungi umeingia nyumbani kwa shangwe bila mtu kuuliza: huyu mgeni anakaa wapi?

Kwa hiyo tumjue mgeni. Ndani ya mtungi mna gesi mbili zilizochanganywa, propeni na buteni. Zikishindiliwa zinakuwa maji. Ukiutikisa mtungi unasikia yanachezacheza ndani. Maji hayo yakipata upenyo yanafura. Lita moja tu ikigeuka hewa inajaza madebe 12 na zaidi, yale madebe yetu ya lita 20. Na hewa hiyo ni nzito. Propeni ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa tunayovuta, buteni karibu mara mbili. Ndiyo maana haipandi kama moshi. Inamwagika. Inateremka kutoka mtungini, inatambaa sakafuni, inatafuta bonde, inaingia chini ya kitanda na kutulia humo.

Fikiria chumba kimoja cha kupanga, futi 10 kwa 10. Mtungi uko pembeni karibu na dirisha, pazia limekatiza katikati, nyuma ya pazia kitanda, na usiku godoro la watoto linatandikwa sakafuni. Mama na baba wamelala juu. Watoto wamelala chini kabisa, kwenye bonde la nyumba. Gesi haihitaji kujaa chumba ndipo iwake. Ikifika sehemu 2 tu katika kila 100 za hewa, cheche inatosha. Nimepiga hesabu. Kwa chumba kama hicho, gesi isiyofika kilo moja inaweza kukifanya chote kiwe cha kuwaka. Kilo moja ya gesi, ikiwa bado maji, ingeingia katika gorogoro moja na nafasi ikabaki. Na mtungi mdogo kuliko yote tunayobeba kila siku, ule tunaouita meko, una kilo 6.

Utasema, nitainusa. Ni kweli gesi ina harufu, ile ya yai viza, lakini harufu hiyo si yake. Gesi yenyewe hainuki kitu. Harufu huongezwa kiwandani, na iliongezwa baada ya watu kufa. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia ilivuja ikajikusanya chini ya sakafu ya shule. Hakuna aliyenusa kwa sababu hapakuwa na cha kunusa. Shule ikaruka. Karibu watu 300, wengi wao watoto, wakafa alasiri moja. Baada ya hapo sheria za kuitia gesi harufu zikaanza kutungwa. Kwa hiyo hiyo harufu inayokukera ni kengele, na kengele hiyo ina kasoro zake. Pua ya mtu mzima aliyesimama iko futi tano juu ya sakafu, gesi iko kwenye vifundo vya miguu. Pua ikikaa na harufu kwa muda inaizoea, inaacha kuisikia. Na ikiwa jirani anakaanga omena, mimi siwezi kukuahidi kitu.

Nina jirani mzee aliyestaafu ualimu ambaye jioni, kabla ya kulala, hupiga magoti karibu na mtungi wake kama mtu anayesali, akanusa. Watoto wa ploti humcheka. Mimi nadhani ndiye mwenye akili kuliko sisi sote.

Kitale na Bungoma ni mwendo mfupi tu, unapita Kiminini, Kamukuywa, Webuye, umefika. Lakini makosa ya mitungi si yaleyale. Kitale tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma ni mita 1,400 hivi. Kwetu sisi wa juu tatizo ni baridi. Buteni haipendi kugeuka hewa penye baridi. Inachemka pale karibu na nyuzi sifuri, wakati propeni inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Tena gesi inapotoka, mtungi wenyewe unapoa, unatoka jasho kwa nje. Basi alfajiri moja ya Julai, gesi ikiwa imebaki kidogo, moto unakuwa mdogo wa bluu unaotetemeka, chai haichemki, na mwenye nyumba anaanza ujanja. Anautikisa mtungi. Anauweka kwenye beseni la maji ya moto. Anausogeza karibu na jiko la makaa upate joto. Au anaulaza chali, kwamba iliyobaki itiririke.

Hilo la kulaza ndilo baya zaidi. Mtungi ukisimama, juu kuna hewa na chini kuna maji. Kinachotoka ni hewa. Ukiulaza, maji yanaufikia mdomo. Yanatoka maji, yanafura mara mia mbili na zaidi yakiwa tayari kwenye moto, na mwali uliokuwa wa kidole unakuwa wa dari. Hata mtungi ulioletwa umelala kwenye bodaboda, usimamishe kwanza, uache utulie, ndipo uufunge. Na beseni la maji ya moto, waachie kuku wa kunyonyoa. Gesi ikikusumbua alfajiri, hamishia mtungi mahali pasipo na upepo wa baridi, lakini mbali na moto wowote, upike polepole. Chai ya kuchelewa haijaua mtu.

Bungoma joto lipo, na huko nimeona jambo lingine. Nilikaribishwa nyumba moja upande wa Kimilili, nyumba nzuri ya mabati, viti vimevikwa vitambaa vya kufuma, vyeupe. Pembeni, kati ya televisheni na kabati la vyombo, palikuwa na kitu cha mviringo kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama hivyo, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Nikadhani ni stuli. Ulikuwa mtungi wa kilo 13, mpya, wa akiba. Mama akaniambia, "Jikoni kuna moshi, utachafuka." Alikuwa na jiko la nje, la mafiga, na mtungi mmoja wa kupikia ulikaa humohumo, hatua mbili kutoka kwenye kuni zinazowaka. Yaani wa akiba uko sebuleni karibu na nyaya za stima, unaotumika uko karibu na moto. Nilikunywa chai, nikala na kuku, ndipo nikapata ujasiri wa kusema. Alinisikiliza, akaondoa maua.

Mtungi wa akiba una haki zilezile za ule unaotumika: usimame, vali imefungwa, kile kifuniko cha plastiki kiwepo, na mahali pake pawe penye hewa ya chini. Usiuweke chini ya kitanda wala kwenye kabati. Wala msimu wa mavuno, Novemba na Desemba, usiusukumie kati ya magunia ya mahindi, maana magunia yakipangwa hadi ukutani yanafanya kisima. Na ule unaoitwa mtupu si mtupu. Gesi inayobaki haitoshi kuivisha ugali, lakini inatosha kuwaka.

Nimetaja ugali, nisimame hapo. Meko ya kilo 6, ile yenye bana juu yake, iliundwa kwa chai na mayai. Sisi tumeipa kazi ya ugali wa watu wanane. Mnajua ugali wa huku unavyosongwa: sufuria kubwa, mwiko wa mti mzito, na mkono unaosukuma kutoka begani. Mtungi ni mwembamba, umesimama kwenye kitako kidogo, sufuria ni pana kuliko mtungi, na mpishi anasukuma kwenda na kurudi. Nimeona mtungi ukicheza ngoma sakafuni huku mpishi ameukanyaga kwa unyayo ili usianguke. Unyayo wa kandambili, inchi chache kutoka kwenye moto! Kama huwezi kuacha kusonga ugali, na nani anaweza, teremsha sufuria sakafuni kwenye kata, songa hapo, rudisha ipate kuiva. Au tafuta jiko la mezani na paipu, mtungi ukae kando chini na jiko juu ya meza ya mawe au simiti. Paipu isizidi mita moja na nusu, isipite nyuma ya jiko lenye joto, na ikianza kuwa ngumu na kupasukapasuka kama kisigino, imezeeka. Mimi yangu hubadilisha kila miaka 2 hata ikinitazama kwa huruma.

Wataalamu watakwambia mahali bora pa mtungi ni nje ya nyumba: umesimama kwenye sakafu ngumu, kwenye kivuli, mbali na mtaro na dirisha, paipu ikipita ukutani. Ni kweli kabisa. Sasa nendeni mkamwambie hayo mama wa Matisi ambaye mtungi wake ni wa zamu ya chama, aliyesubiri miezi tisa. Mtungi ukilala nje usiku mmoja, asubuhi umeshapata mwenyewe mwingine. Hapa ndipo ushauri wa vitabu unapoishia, na sioni haja ya kujifanya kwamba haupingani na maisha. Mwizi yupo, na gesi ipo, na mama amechagua kumwogopa yule anayemjua.

Njia ya kati ipo, na ni ya jua kali. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kizimba cha vyuma, pande zote ni nondo au wavu, si bati. Nasisitiza, si bati. Nimeona watu wakifunga mtungi ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, wakifurahi; hilo ni bomu lenye kufuli. Kizimba kiwe wazi hasa chini, kifungwe ukutani kwa boliti, na ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto mkubwa anaujua, maana siku ya moto hutaki kutafuta ufunguo. Wapangaji wanne wakichanga, kinakuwa cha ploti nzima. Kama hilo haliwezekani, mtungi ukae ndani lakini karibu na mlango wa kutokea, si kona ya mbali. Usiku zima palepale kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Na kile kitambaa cha mlangoni, mnajua nitakalosema.

Kuhusu kununua nitakuwa mfupi, kwa kuwa mengi mmeyasikia. Kati ya mwaka 2009 na 2019 kanuni zililazimisha mitungi ya kampuni zote iwe ya kubadilishana. Kanuni za 2019 zikaufuta mfumo huo, ili kila kampuni iwajibike kwa mtungi wenye jina lake: iukague, iupake rangi, iutupe ukichakaa. Anayejaza mitungi ya wengine gizani, akihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa paipu, hakagui kitu. Anaweza kukupunja, na hilo linauma mfukoni tu. Linalotisha ni akikuzidishia. Mtungi hujazwa kama asilimia 80 tu, ile nafasi ya juu imeachwa kwa makusudi ili maji yakipata joto yawe na pa kutanukia. Ukijazwa pomoni, halafu ukakaa juani au karibu na jiko, hauna pa kupumulia. Kwa hiyo dai upimiwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake. Ongeza kilo zako 6 au 13, ndiyo hesabu. Ikipungua kataa, na ikizidi kataa kwa sauti kubwa zaidi.

Kama kuna anayeona haya ni ya urasimu, akumbuke usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Lori la gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Mitungi iliruka, moto ukashika nyumba, magari na ghala la nguo. Watu walikufa, na zaidi ya 270 waliumia. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilisema maombi ya leseni kwa mahali pale yalikuwa yamekataliwa, si mara moja, mara tatu, mwaka uliotangulia. Mahali pakaendelea kufanya kazi. Watu waliokuwa wamelala majumbani mwao hawakuwa wamevunja kanuni yoyote.

Sasa niwaambie ya kwangu. Mwaka jana kijana wa bodaboda aliniletea mtungi, umelala nyuma ya kiti kama mbuzi wa kuchinjwa, umefungwa kwa mpira wa tyubu. Duka silitaji. Kijana mwenyewe ni mwema, ana adabu, alivua viatu mlangoni. Akaufunga mtungi, akatoa kiberiti mfukoni, akawasha, akaanza kuuzungusha mwali pale shingoni mwa mtungi.

Nikapiga kelele. Akasema, "Mama, usiogope, hivi ndivyo tunavyopima kama inavuja."

"Na ukikuta inavuja, mwanangu?"

Akafikiri. "Basi nitakuwa nimejua."

Nikampa kikombe cha maji ya sabuni ya vyombo, nikalitikisa povu kwa kijiko, nikamwambia alipake pale shingoni kwa sponji asubiri. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha pembeni, pale regyuleta inapokutana na mtungi, kikachipuka kipovu kimoja, kikafuatwa na kingine juu yake, taratibu, bila haraka, kama mate ya mtoto anayeota meno. Tulikitazama wote wawili tumechuchumaa. Akafunga, akafungua, akatoa kile kimpira cheusi cha ndani: kilikuwa kimepasuka upande mmoja. Kimpira cha bei ya mandazi. Alikwenda akaleta kingine, tukapaka povu tena, pakawa kimya. Wiki mbili baadaye alinipita barabarani na mtungi wa mtu mwingine, akapunguza mwendo ili nione: kwenye mfuko wa koti alikuwa na kichupa cha sabuni. Mtungi ulikuwa bado umelala, lakini siku ina kazi yake.

Ukinusa gesi usiku, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima, kwa kuwa cheche inaruka pande zote mbili. Usiwashe kiberiti kutafuta inakotoka. Simu iache kwanza. Fungua mlango, ng'oa kile kitambaa, funga mtungi kama mkono unafika, toa watoto walio sakafuni kabla ya wengine, upigie simu nje. Na kama moto umeshika pale shingoni mwa mtungi na bado ni mdogo, gunia lililoloweshwa maji likafunikwa juu yake hukupa nafasi ya kuufikia mkono wa vali. Ukiwa mkubwa, toka, waite jirani watoke, waache waliofundishwa. Kutoka mjini hadi Kwanza au Sirisia gari la zimamoto lina barabara ndefu. Nyumba itajengwa tena.

Mwezi uliopita nilimwita fundi anitobolee tundu ukutani, la nusu tofali, chini, juu kidogo tu ya sakafu, nilitie wavu wa kuzuia panya. Fundi akanitazama. "Mama, tundu la hewa huwekwa juu." Nikamwambia la juu lipo tayari, la moshi, hili ni la gesi. Akampigia mwenye nyumba, kwa kuwa alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mwenye nyumba akaja, mzee wa makamo, kofia mkononi, mpole lakini amekasirika. "Unataka kunibomolea nyumba?"

Sikujibu. Nilichukua beseni la maji niliyokuwa nimesuuzia vyombo, nikayamwaga yote sakafuni karibu na mtungi. Tukayatazama. Yalisita kidogo, yakapata njia, yakapita chini ya pazia, yakaingia uvunguni mwa kitanda, yakalowesha viatu vyangu vya kanisani na daftari la mjukuu. Mlangoni hayakwenda hata tone. Fundi akainua pazia kwa ncha ya patasi, akachungulia. Mwenye nyumba naye akainama, magoti yakalia.

"Gesi inakwenda huko?"

"Inakwenda huko."

Akanyamaza. Katika ploti ile vyumba viko 12, na nadhani alikuwa akivihesabu, maana midomo ilikuwa ikicheza. Kisha akanyoosha kidole ukutani, upande wa uvunguni, si pale nilipokuwa nimeweka alama. "Basi toboa hapa, ndipo maji yaliposimama," akamwambia fundi. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini rangi ni juu yako, mama."